Safari ya vipepeo wa Mexico inavyofuatiliwa kizazi hadi kizazi

MWEZI Machi unapokaribia katikati, misitu ya milima ya Michoacán, katikati ya Mexico, huanza kuvuma bila ya upepo. Ni sauti ya mabawa. Matawi yaliyoinama kwa uzito tangu mwezi Novemba huinuka kidogo kidogo, na mamilioni ya vipepeo wa rangi ya chungwa yenye mishipa myeusi huteremka mabondeni kutafuta maji, hujamiiana, kisha huanza kuelekea kaskazini.

Vipepeo hao hujulikana kwa jina la monaki, na kwa jina la kitaalamu Danaus plexippus. Kila mmoja ana uzito wa nusu gramu hivi, sawa na punje moja au mbili za mahindi. Mbele yao kuna zaidi ya kilomita 800 za milima na nyika kabla ya kuufikia mpaka wa Texas, nchini Marekani, na karibu kilomita 2,000 nyingine kabla ya kuingia kusini mwa Canada.

Karibu wote hawatafika huko. Watakaoonekana katika bustani za Ontario mwezi Juni watakuwa ni watoto wao au wajukuu wao, vipepeo ambao hawajapata kuiona Mexico hata siku moja.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuifuatilia safari hii. Tembo huvishwa mkanda wenye chombo kinachowasiliana na setilaiti, na ndege huvishwa pete mguuni. Lakini msafiri anayekufa njiani na kumwachia mtoto wake sehemu iliyobaki ya safari hafuatiliki kwa mkanda wala kwa pete. Wataalamu wamelazimika kutumia njia za kuzunguka: vibandiko vya karatasi, sumu ya mimea, maji ya mvua yaliyomo ndani ya mabawa, na zaidi ya yote macho ya maelfu ya watu wasio wataalamu.

Nusu mbili za habari

Kwa miaka mingi haikujulikana vipepeo hao huenda wapi wakati wa baridi kali. Fred Urquhart, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Toronto, na mkewe Norah, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kulitafuta jibu. Mwaka 1952 walianza kuwaomba watu wa kujitolea wawasaidie kuwabandika vipepeo karatasi ndogo bawani, yenye namba na maelezo ya mahali pa kuirudisha.

Taarifa zilizorudi zilichora mstari ulioelekea kusini-magharibi, ukapita Texas, kisha ukapotea ndani ya Mexico. Ndipo Norah Urquhart alipoandika katika magazeti ya Mexico kuomba msaada. Mmoja wa waliojibu ni Ken Brugger, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko. Mapema mwezi Januari 1975, Brugger na mwenzake Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán, walipanda mlima Cerro Pelón na kukuta miti iliyofunikwa kwa vipepeo kuanzia shina hadi kilele.

Ni haki kusema kwamba wakazi wa milima hiyo hawakuhitaji kugunduliwa jambo lolote. Wamazahua na majirani zao walikuwa wakiwaona vipepeo hao wakiwasili kila mwaka karibu na Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, na kuwahusisha na roho za marehemu wanaorudi kuwatembelea jamaa zao. Wao walijua vipepeo wanakofikia, lakini si wanakotoka. Wa kaskazini walijua wanakotoka, lakini si wanakofikia. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari.

Nusu hizo mbili ziliunganishwa Januari 1976. Urquhart alipokuwa ameketi msituni, tawi lililozidiwa na uzito wa vipepeo lilivunjika na kuanguka mbele yake. Miongoni mwa vipepeo waliotapakaa chini alimwona mmoja mwenye kibandiko cheupe. Kilikuwa kimebandikwa na mwalimu na wanafunzi wake katika mji wa Chaska, jimbo la Minnesota, mwezi Agosti 1975. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la National Geographic mwezi Agosti 1976.

Kazi ya vibandiko haikukoma hapo. Tangu mwaka 1992, mpango wa Monarch Watch ulioanzishwa na Orley Taylor katika Chuo Kikuu cha Kansas umewabandika vipepeo zaidi ya milioni mbili kwa mikono ya wanafunzi, wakulima na wastaafu.

Hata hivyo, kibandiko hujibu swali la safari ya kwenda kusini tu. Katika majira ya kupukutika majani, kipepeo mmoja husafiri mwenyewe mwanzo hadi mwisho, wengine zaidi ya kilomita 3,000, kwa hiyo namba aliyobandikwa Minnesota huweza kusomwa Michoacán. Safari ya kurudi katika majira ya machipuko ni jambo jingine kabisa. Mama hutaga mayai njiani na kufa, na watoto wake huzaliwa bila ya kibandiko chochote.

Sumu iliyogeuka kitambulisho

Ili kuelewa jinsi fumbo la safari ya kurudi lilivyotatuliwa, ni lazima kwanza kuujua mmea ambao maisha yote ya kipepeo huyu hutegemea. Ni mmea wa jamii ya asklepia, ambao jani lake likikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una sumu inayodhuru moyo. Wanyama wengi huuepuka, lakini kiwavi wa monaki hali kitu kingine chochote isipokuwa majani yake.

Kiwavi haidhuriki. Badala yake huihifadhi sumu mwilini, na kipepeo anayetokana naye huirithi. Lincoln Brower, mtaalamu wa Marekani aliyewachunguza vipepeo hawa kwa zaidi ya miaka 50, alipata umaarufu kwa kuonyesha kuwa ndege aliyemla monaki hutapika muda mfupi baadaye, na tangu siku hiyo hamgusi tena mdudu mwenye rangi ya namna hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki pengine anamfahamu ndugu yake wa karibu bila ya kulijua jina lake. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, huonekana mashambani na kando ya njia tangu pwani hadi bara, naye pia hutaga mayai kwenye mimea ya utomvu mweupe na hutumia hila hiyo hiyo ya sumu.

Brower na wenzake walitambua kwamba sumu hiyo inaweza kufanya kazi nyingine. Kila aina ya asklepia ina mchanganyiko wake wa sumu, na mchanganyiko huo hubaki mwilini mwa kipepeo kama alama ya kidole. Kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Canada aina iliyoenea zaidi ni Asclepias syriaca. Kusini, katika majimbo kama Texas na Florida, kuna aina nyingine, zikiwamo Asclepias viridis na Asclepias humistrata.

Kwa hiyo swali likawa rahisi kuulizwa: kipepeo anayekamatwa wakati wa machipuko alikula wapi alipokuwa kiwavi?

Majibu yalichapishwa mwaka 1993. Vipepeo waliokamatwa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa majira hayo walikuwa na alama ya mmea wa kaskazini. Hao walizaliwa kaskazini mwaka uliotangulia, wakakaa Mexico kipindi chote cha baridi, na sasa walikuwa wakirudi. Lakini waliokamatwa kaskazini wiki chache baadaye walikuwa na alama ya mimea ya kusini. Hao hawakuwa wametoka Mexico. Walikuwa wamezaliwa njiani, mwezi Aprili na Mei, na kuendeleza safari pale wazazi wao walipoishia. Dhana kwamba wazee wa Mexico ndio wanaofika wenyewe hadi Canada ilidhoofika sana tangu hapo.

Mvua ndani ya bawa

Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, Leonard Wassenaar na Keith Hobson wa Canada walichapisha njia nyingine. Maji ya mvua huwa na haidrojeni ya kawaida pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni nzito, na uwiano wa hizo mbili hubadilika kwa utaratibu kadiri mtu anavyotoka kusini kwenda kaskazini. Mmea hunywa mvua ya mahali ulipo, kiwavi hula mmea, na bawa hujengwa kwa chakula hicho. Kwa kuwa bawa la kipepeo halikui tena baada ya kukamilika, alama ya mvua hubaki humo hadi kifo chake.

Kwa kupima vipepeo waliokufa katika makundi ya Mexico, watafiti hao walionyesha kuwa takriban nusu yao walizaliwa katika eneo la mashamba makubwa ya mahindi na soya, katikati ya Marekani. Matokeo hayo yangekuja kuwa na uzito ambao pengine wenyewe hawakuutarajia, kwani ni katika mashamba hayo hayo asklepia ilikuwa inaanza kutoweka.

Mwaka 2013 njia hiyo ilitumiwa na Tyler Flockhart na wenzake kufuatilia jinsi kila kizazi kinavyolirudia eneo la kaskazini hatua kwa hatua.

Macho ya umma

Maabara hueleza yaliyokwishatokea. Anayetaka kujua vipepeo wamefika wapi wiki hii hutegemea watu walioko bustanini.

Mpango ujulikanao kama Journey North, ulioanzishwa na mwalimu Elizabeth Howard katika miaka ya 1990, uliwaalika wanafunzi na wananchi wa kawaida kutoa taarifa za mambo matatu: siku walipoliona chipukizi la kwanza la asklepia, siku walipomwona monaki wa kwanza mzima, na siku walipoliona yai la kwanza. Kila taarifa huwekwa kama nukta kwenye ramani. Nukta za kwanza hutokea Texas katika nusu ya pili ya Machi. Mwezi Aprili huenea Oklahoma, Arkansas na majimbo jirani. Mwezi Mei hufika ukanda wa Maziwa Makuu ya Marekani, na mwezi Juni huwa zimeingia Canada.

Kwa aliyezoea ramani za kawaida, inavutia kuona kwamba wimbi hilo la nukta haliendi kwa mwendo mmoja. Baridi ikirudi ghafla, husimama kwa siku kadhaa. Pepo za kusini zikivuma, huruka mamia ya kilomita kwa wiki moja. Aidha, vipepeo hawana faida ya kuutangulia mmea, kwa maana mama anayefika mahali ambapo asklepia haijachipua hana pa kutagia.

Watoa taarifa hufundishwa mambo madogo ambayo yana maana kubwa. Kipepeo aliyetoka Mexico huwa amechakaa: rangi yake imepauka hata kufanana na karatasi iliyoanikwa juani, kingo za mabawa zimeraruka, na magamba yamepukutika kwa safari ya miezi mingi. Aliyezaliwa Texas mwezi Aprili huwa na rangi kali na mabawa makamilifu. Kwa kuandika tu kama kipepeo ni "mchakavu" au "mpya", mama wa nyumbani wa Kansas huwasaidia wataalamu kujua ni kizazi kipi kimepita mbele ya dirisha lake.

Hufundishwa pia kutodanganywa. Yupo kipepeo mwingine, Limenitis archippus, anayefanana na monaki kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Tofauti ni mstari mweusi unaokata bawa lake la nyuma kwa upana, ambao monaki hana. Monaki dume naye hutambulika kwa doa dogo jeusi kwenye kila bawa la nyuma.

Njia hii ina kasoro zake, na wanaoitumia wanazijua. Mahali penye watu wengi huleta taarifa nyingi. Nyika ya magharibi ya Texas, ambayo huenda imejaa vipepeo, hukaa kimya kwa sababu hakuna wa kuwaona. Kuonekana kwa kipepeo wa kwanza huonyesha ukingo wa wimbi, si ukubwa wake. Tena, katika pwani ya Ghuba ya Mexico na Florida wapo monaki wanaokaa mwaka mzima bila ya kuhama, wengi wao wakitegemea aina ya asklepia ya nchi za joto iliyopandwa bustanini. Anayemwona mmoja wao mwezi Februari anaweza kudhani wasafiri wamewahi, kumbe ameona mwenyeji.

Baridi inayogeuza dira

Wakati wananchi wakihesabu, maabara zimekuwa zikichunguza kipepeo anajuaje njia. Steven Reppert na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walionyesha kuwa monaki huitumia jua kama dira. Kwa kuwa jua huhama angani tangu asubuhi hadi jioni, dira hiyo haina maana bila ya saa. Mwaka 2009 watafiti hao waligundua kuwa saa hiyo imo ndani ya vipapasio. Vipepeo waliopakwa rangi nyeusi kwenye vipapasio, hivi kwamba mwanga haukupenya, walipoteza mwelekeo. Waliopakwa rangi isiyozuia mwanga waliendelea kama kawaida.

Jambo lililobaki lilikuwa hili: kipepeo yule yule aliyeelekea kusini mwezi Septemba huanzaje kuelekea kaskazini mwezi Machi? Mwaka 2013 Patrick Guerra na Reppert walichapisha jaribio lenye jibu la kushangaza kwa urahisi wake. Waliwakamata vipepeo wakiwa katika safari ya kusini na kuwaweka kwa siku 24 katika baridi inayofanana na ile ya milima ya Mexico. Walipotolewa, waligeuka na kuelekea kaskazini. Wengine waliokingwa dhidi ya baridi waliendelea kuelekea kusini, hata machipuko yalipofika.

Kwa maneno mengine, ni baridi ya msituni inayoigeuza dira. Maana yake kwa dunia inayozidi kupata joto haihitaji maelezo marefu. Kipepeo anahitaji baridi ya kutosha kumgeuza, lakini isiyofikia ya kumuua, na mahali panapotoa kipimo hicho ni vilele vichache vyenye miti ya oyameli, jamii ya misonobari, katika mwinuko wa takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari.

Miti hiyo ikibaki imesongamana, huzuia mvua na kuhifadhi joto la usiku. Ikikatwa, hata michache, shimo hubaki juu na baridi huingia. Dhoruba ya Januari 2002 ilileta mvua na kisha baridi kali. Inakadiriwa kuwa takriban robo tatu ya vipepeo katika makundi makubwa walikufa, wakilundikana chini kama majani makavu.

Mexico imetenga hifadhi ya takriban hekta 56,000, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukataji haramu wa miti umepungua sana ikilinganishwa na miaka ya mwanzo ya 2000, lakini haujaisha, na kuulinda msitu huo si kazi isiyo na hatari. Homero Gómez González, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ya El Rosario na mtetezi wake mashuhuri, alitoweka Januari 2020 na mwili wake ukakutwa kisimani wiki mbili baadaye.

Hesabu ya hekta

Hakuna anayeweza kuwahesabu vipepeo mmoja mmoja katika mti uliojaa. Kinachopimwa ni eneo la msitu lililofunikwa nao mwezi Desemba. Majira ya baridi ya mwaka 1996 kuelekea 1997 yalikuwa na hekta 18.19. Mwaka 2013 kuelekea 2014 zilibaki hekta 0.67 tu, eneo la kiwanja kimoja cha mpira. Baadaye zilipanda, zikafika 6.05 mwaka 2018 kuelekea 2019, zikaanguka hadi 0.90 mwaka 2023 kuelekea 2024, na kupanda tena hadi 1.79 mwaka uliofuata.

Kupanda na kushuka huko kunafungamana kwa karibu na yanayotokea Texas katika wiki chache za Machi na Aprili, na hapa ndipo ramani za nukta zinapopata thamani yake halisi. Mwaka 2012 machipuko yalikuwa ya joto lisilo la kawaida. Wimbi lilikwenda kaskazini mapema mno, likafuatiwa na kiangazi cha joto na ukame, na baridi iliyofuata ilikuta hekta 1.19. Mwaka 2013 mambo yalikuwa kinyume: baridi ilichelewa kuondoka, vipepeo wachache waliorudi walikwama kusini, nukta zikachelewa kupanda, na mwisho wake ukawa zile hekta 0.67. Kuwahi kulidhuru, na kuchelewa kulidhuru.

Lakini hali ya hewa hueleza mwaka mmoja mmoja tu. Kwa mteremko wa miaka mingi, watafiti wengi huutazama ule ukanda wa mahindi uliotajwa hapo juu. Tangu mwaka 1996 wakulima wa Marekani walianza kupanda soya, na baadaye mahindi, zilizobadilishwa vinasaba ili zistahimili dawa ya kuua magugu. Dawa ilinyunyiziwa shamba zima, na asklepia iliyokuwa ikiota katikati ya mistari ikafa pamoja na magugu mengine. John Pleasants na Karen Oberhauser walikadiria kuwa kati ya mwaka 1999 na 2010 asklepia katika eneo hilo ilipungua kwa asilimia 58, na idadi ya monaki waliozaliwa humo kwa asilimia 81.

Wapo pia monaki wa magharibi ya milima ya Rocky, ambao hukaa pwani ya California wakati wa baridi. Mwaka 2020 walihesabiwa wasiofika 2,000. Mwaka uliofuata walizidi 200,000. Mdudu mwenye uwezo wa kutaga mayai mamia kadhaa huweza kuinuka haraka, na kuanguka haraka vile vile.

Mnamo Desemba 2024, idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani ilipendekeza monaki awekwe katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Canada ilikuwa imemwingiza katika orodha yake mwaka mmoja kabla.

Kisambaza mawimbi mgongoni

Mwaka 2025 ilipatikana hatua ambayo akina Urquhart wasingeiota. Kampuni ya Cellular Tracking Technologies ya New Jersey ilitengeneza kisambaza mawimbi chenye uzito wa takriban miligramu 60, kinachotumia nishati ya jua na kunaswa na simu za kawaida za mkononi zinazopita karibu. Mamia ya vipepeo waligundishiwa chombo hicho mgongoni katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo, na baadhi yao wakafuatiliwa siku hadi siku hadi katika milima ya Mexico. Kwa mara ya kwanza ilionekana jinsi upepo unavyomtoa kipepeo mmoja njiani, na jinsi anavyojirudisha.

Hata chombo hicho, ambacho ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa mbebaji, kina mpaka ule ule wa kibandiko cha mwaka 1952. Humfuata kipepeo mmoja. Mama aliyetoka Michoacán akifika Texas hutaga, chombo chake hunyamaza pamoja naye, na safari huhamia kwa kiumbe ambacho hakuna kampuni iliyokipima.

Yai lake ni dogo kama kichwa cha pini, jeupe lenye michirizi, na hutagwa moja moja, aghalabu chini ya jani. Chungu wakali wa Texas na wadudu wengine hula mayai na viwavi wengi kiasi kwamba anayefikia kuwa kipepeo huwa chini ya mmoja kati ya kumi. Baada ya siku nne hivi yai huanguliwa, na mlo wa kwanza wa kiwavi ni ganda la yai lake mwenyewe. Mwezi mmoja tangu siku ya kutagwa, ikiwa mvua imenyesha na mmea haujanyunyiziwa dawa, kipepeo wa rangi kali hukausha mabawa yake na kuelekea kaskazini, na mtu fulani huko Oklahoma huandika kuwa amemwona "mpya".